Kosa la faili, hasara ya mkimbizi: bodi za taa na redio zikaguliwe kabla ya kutumwa kiwandani

Mashariki mwa Kongo, familia iliyokimbia vita inategemea vitu vitatu vidogo: simu, redio na taa ya jua. Kwa simu inapata habari za ndugu waliobaki kijijini, na mara nyingi pesa ya msaada inapitia humo. Kwa redio inasikia kama barabara ya kurudi iko wazi ao la. Kwa taa, mama anampeleka mtoto chooni usiku bila woga. Ukifungua kimoja cha vitu hivyo, unakuta ndani kibao, mara nyingi cha kijani, chenye njia nyembamba za shaba. Mafundi wanakiita bodi. Bodi ikikosewa, taa haiwaki, redio haisemi, na pesa ya familia imekwenda bure.

Zamani mtu alifikiri bodi inaweza kuchorwa tu na kampuni kubwa ya ng'ambo. Leo si hivyo. Kijana wa Goma, Bukavu, Bunia, Beni ao Uvira mwenye kompyuta anaweza kuchora yake. Kuna programu ya bure inayoitwa KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras. Inapatikana kwa Kifaransa na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Mchoro ukiisha, kijana anatuma mafaili kwenye kiwanda, mara nyingi huko Shenzhen, China. Bodi tano ndogo zinatengenezwa kwa dola chache, na usafiri mara nyingi unapita bei ya bodi zenyewe.

Ni jambo la kusifu. Fundi wa hapa anajua vumbi la hapa, mvua ya hapa, betri zilizochoka na paneli za bei ndogo zinazouzwa sokoni. Anaweza kuchora kidhibiti cha chaji, kile ambacho wengi wanakiita regulateri, kinachofaa hali ya hapa kuliko kile kilichochorwa na mtu asiyeijua.

Lakini kuna tabia moja inayopaswa kukoma: kutuma faili siku ileile mchoro unapoisha, bila kuukagua. Rai inayotolewa hapa ni nyepesi kueleza. Faili lisiende kiwandani mpaka mtu wa pili amelitazama, na mpaka limechapwa kwenye karatasi na vipande halisi vimewekwa juu yake. Hilo si sharti la wasomi. Ni wajibu kwa mtu wa mwisho atakayenunua kifaa kile, ambaye hana pesa ya kununua mara ya pili.

Kiwanda kinafuata faili, kama mgawaji anavyofuata orodha

Waliokimbia makwao wanajua vizuri nguvu ya orodha. Siku ya kugawa chakula, mtu anakuja na jetoni yake na watoto wake, lakini jina likiwa limeandikwa vibaya, anarudi mikono mitupu. Mgawaji hana chuki naye. Anafuata tu karatasi aliyopewa. Kosa lilifanyika siku ya kuandika, na siku hiyo ndipo lilipaswa kusahihishwa. Kubishana mbele ya gari la chakula hakubadilishi kitu.

Kiwanda cha bodi ni vilevile. Kwa kawaida hakipokei mchoro mzima wala maelezo ya kazi ya kifaa. Kinapokea mafaili kadhaa, kila moja likionyesha tabaka moja: shaba ya juu, shaba ya chini, rangi ya kijani inayozuia lehemu, maandishi meupe, mpaka wa bodi, na faili lingine la matundu. Mashine inasoma mafaili hayo na kufanya yanachosema. Kama faili linasema njia ya chanya iguse njia ya hasi, mashine itaziunganisha vizuri kabisa.

Mafaili hayo yanaitwa Gerber, na jina lenyewe ni la mkimbizi. Joseph Gerber alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924. Mwaka 1940, akiwa bado kijana, alifika Marekani pamoja na mama yake wakikimbia mateso ya Wanazi dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1948 alianzisha kampuni yake, na mashine za kuchora za kampuni hiyo ndizo zilizoleta mfumo huu unaotumiwa leo na viwanda vya dunia nzima. Siku hizi mfumo unatunzwa na kampuni ya Ubelgiji inayoitwa Ucamco.

Viwanda vingi vinapima bodi kwa sindano ndogo za umeme kabla ya kuzifunga kwenye kifurushi. Hapo ndipo watu wengi wanajidanganya. Kipimo hicho kinauliza swali moja tu: je, bodi inafanana na faili? Bodi yenye kosa la mchoro inafanana na faili lake kwa uaminifu wote. Kwa hiyo inapita, inafungwa, inapanda ndege, na inafika kwa fundi ikiwa na kosa lilelile alilolituma.

Makosa yanayopita kimya

Faida ya kukagua inaonekana wazi mtu akijua makosa gani yanatafutwa. Yafuatayo ni machache yanayotokea mara nyingi.

La kwanza ni matundu. Mguu wa kipande wenye unene wa milimita 1.0 hauwezi kuingia kwenye tundu la milimita 0.8. Kwenye skrini, ambako kila kitu kimekuzwa, matundu yote yanaonekana makubwa. Vilevile, programu moja inaweza kuandika vipimo kwa milimita na nyingine kusoma kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Matundu yakisomwa hivyo, yanaangukia nje ya bodi.

La pili ni upande wa chini kugeuka. Kwa desturi, mafaili yote yanaonyeshwa kama mtu anatazama bodi kutoka juu. Kwa hiyo maandishi ya upande wa chini lazima yaonekane yamegeuzwa, kama mtu anavyoona maandishi kwenye kioo. Yakisomeka sawasawa kwenye skrini, yatatoka kinyume kwenye bodi. Kama ni maandishi tu, ni aibu ndogo. Kama ni nafasi ya chipu yenye miguu mingi, hakuna namna ya kuilehemu isipokuwa kuilaza kifudifudi.

La tatu ni mpangilio wa miguu. Transista ya BC547, ukiiweka sehemu bapa ikikutazama na miguu ikielekea chini, inaanza kushoto na kolekta, kisha besi, kisha emita. Transista ya 2N3904, ambayo wengi wanaitumia mahali pake, inaanza na emita na kumalizia na kolekta. Kwa macho zinafanana. Fundi aliyechora moja na kununua nyingine sokoni atapata bodi isiyofanya kazi, na atatafuta kosa siku nzima mahali lisipokuwa.

La nne linagusa nchi hii moja kwa moja. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika wilaya ya Masisi, inatoa tantalumu, na tantalumu inatengenezewa kapasita ndogo zinazorudi hapa ndani ya simu na kompyuta. Kapasita hizo zina upande wa chanya na wa hasi. Zikiwekwa kinyume zinaweza kupasuka na kuwaka moto. Tena kuna mtego: kwenye kapasita ya tantalumu ya kubandika juu ya bodi, mstari uliochorwa unaonyesha upande wa chanya, lakini kwenye kapasita ya kawaida ya alumini yenye umbo la kopo, mstari unaonyesha hasi. Fundi aliyezoea moja anaikosea nyingine kwa urahisi. Alama moja ya kujumlisha iliyowekwa vibaya kwenye maandishi meupe inatosha kuwapoteza wote watakaolehemu bodi ile.

La tano ni hatari kuliko yote: njia ya shaba kuwa nyembamba kuliko umeme unaopita. Kwa shaba ya kawaida ya unene wa maikromita 35, njia ya upana wa milimita 1 inabeba ampea mbili hadi tatu hivi bila kupata joto kubwa. Ampea 10 zinahitaji upana wa milimita 7 hivi. Regulateri iliyoandikwa ampea 10, lakini yenye njia ya milimita 1 ndani yake, itafanya kazi asubuhi, na saa sita mchana, jua likiwa kali na betri ikiwa tupu, itaanza kunuka. Vilevile kwa betri za lithiamu: seli ya kawaida haipaswi kupita voliti 4.2 wakati wa kuchajishwa, na katika saketi nyingi rezista mbili tu ndizo zinazoamua kiasi hicho. Thamani zake zikikosewa kwenye mchoro, betri inaweza kuvimba, hata kuwaka. Katika nyumba ya matofali hilo ni tatizo. Katika kibanda cha turubai, chenye watoto sita waliolala na jirani aliye hatua mbili tu, ni msiba.

Nani analipa?

Fundi mwenye haraka husema kwamba akikosea atalipa mwenyewe. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Ni kweli atapoteza dola zake na majuma ya kungoja. Na majuma hayo si mepesi kwa watu wa huku. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki za mji zikafunga milango. Katika hali kama hiyo, kulipa kwa kadi na kupokea kifurushi kunahitaji ndugu ao rafiki aliye mji mwingine ama nchi ya jirani, na kila mkono kinapopita unaongeza bei. Kuagiza mara ya pili si kubonyeza kitufe tu.

Ndiyo sababu bodi mbovu hazitupwi. Mwenye nazo anatazama pesa aliyotumia, anakata njia kwa wembe, anaunganisha waya mdogo juu, na kuingiza bodi ndani ya kisanduku. Nje hakuna kinachoonekana. Kiraka kilichofanywa vizuri na fundi mwaminifu, kwa bodi ya majaribio, si dhambi. Lakini kiraka kinachouzwa kwa mama aliyeuza kanga yake apate taa ni kumwibia. Waya ule unaachia baada ya miezi miwili, mwenye taa hana risiti, na muuzaji amehama. Hasara imetoka kwenye meza ya fundi na kuhamia kwenye kibanda cha mkimbizi, ambako hakuna mtu wa kuihesabu.

Redio za mitaa nazo zinahusika. Kituo kinachotumia umeme wa jua kikipoteza regulateri yake usiku, asubuhi hakuna matangazo. Katika eneo ambako watu wanangoja kusikia ni njia gani yenye usalama, ukimya wa asubuhi moja unaweza kumtuma mtu mahali pabaya.

Wanaosema hakuna haja

Wengine watasema kiwanda kina wahandisi wake, nao wakiona kosa watauliza. Kwa sehemu ndivyo ilivyo. Watauliza kama faili la matundu halipo, ama kama njia ni nyembamba kuliko mashine zao zinavyoweza. Hawatauliza kama transista imegeuzwa, kwa sababu hawajui ni transista gani itawekwa pale. Wao wanaangalia kama bodi inatengenezeka. Kama itafanya kazi ni swali la mwenye mchoro.

Wengine watasema programu imeshakagua yenyewe na haikuonyesha kosa. Ukaguzi wa programu ni mzuri na haupaswi kurukwa hata siku moja. Unaona njia mbili zilizokaribiana mno, na unaona waya uliosahaulika. Lakini hauna habari ya kipande kilicho mkononi. Huku vipande vingi vinatoka sokoni ao kwenye vifaa vilivyokufa, na vipimo vyake havifanani kila mara na vile vilivyo kwenye maktaba ya programu. Mtu anayeweza kulinganisha mchoro na kipande halisi ni fundi mwenye kipande mkononi.

Wapo pia wanaosema muda hautoshi. Wafadhili wanataka taa mia moja kabla ya mwisho wa mwezi, na mradi una tarehe yake. Hoja hii ndiyo yenye uzito, kwa sababu fundi kweli anasukumwa. Lakini hapo lawama haimwangukii fundi peke yake. Anayelipia taa mia moja bila kulipia kwanza bodi tano za majaribio amechagua mwenyewe kununua giza. Haraka haraka haina baraka, na watakaoikosa baraka ile hawakuwepo kwenye mkutano ulioweka tarehe.

Kinachopaswa kufanyika

Ukaguzi mzuri unachukua saa chache, na gharama yake ni karatasi.

Fundi aendeshe kwanza ukaguzi wa programu mpaka kila onyo limeelezwa. Halafu afungue mafaili yenyewe ya Gerber kwa programu nyingine, si ileile aliyochorea. KiCad inakuja na GerbView, na kuna nyingine ya bure inayoitwa gerbv. Atazame tabaka moja moja, kisha yote pamoja, aone kama kila tundu limeangukia katikati ya shaba yake na kama mpaka wa bodi umefungwa pande zote.

Kisha achape mchoro kwenye karatasi kwa kipimo kamili, asilimia 100, na kuhakikisha kwa rula kwamba mashine haikuupunguza. Karatasi ibandikwe kwenye katoni ya sabuni, matundu yatobolewe kwa sindano, na kila kipande kiingizwe mahali pake: soketi, swichi, kapasita, transista. Kipande kisichoingia kwenye katoni hakitaingia kwenye bodi. Kazi hii inaweza kufanywa hata siku ambayo hakuna umeme.

Baada ya hapo aje mtu wa pili. Aliyechora haoni kosa lake, kwa sababu anasoma alichokusudia badala ya kilichopo. Si lazima mtu wa pili awe mkubwa kwake. Mwanafunzi wake anaweza kushika karatasi na kufuata njia ya chanya kwa kalamu nyekundu toka kwenye paneli mpaka kwenye betri. Kama hakuna mwenzake mjini, mafaili ya bodi ndogo yakibanwa pamoja yanakuwa mepesi kuliko picha moja ya simu. Fundi wa Beni anaweza kuyatuma kwa mwenzake wa Bukavu jioni, na kupata jibu kesho yake. Mafundi wa miji hii wanaofanya kazi kila mtu peke yake, kwa kuogopa kuibiwa mchoro, wanapoteza zaidi kwa makosa kuliko wangepoteza kwa wizi.

Mashirika yanayonunua vifaa kwa ajili ya waliokimbia yaandike jambo hili kwenye mikataba: bodi tano za majaribio kwanza, zikae juani na usiku kwa siku kadhaa zikiwa na mzigo kamili, ndipo zije mia moja. Yaweke pesa ya hatua hiyo. Fundi asilazimishwe kuchagua kati ya kukagua na kulipwa.

Familia nazo zina haki ya kuuliza, hata kama hazijui umeme. Kamati ya kambi, chifu wa mtaa ao kikundi cha akina mama kikiletewa taa ama regulateri zilizotengenezwa hapa, kimuulize mwenye kuzileta maswali matatu. Nani mwingine aliutazama mchoro kabla haujatumwa? Bodi za kwanza zilijaribiwa siku ngapi? Ikiharibika, nani ataipokea, na yuko wapi? Fundi aliyefanya kazi yake vizuri atajibu bila kukasirika, na pengine atatoa katoni yake yenye matundu ya sindano kuwaonyesha. Asiyeweza kujibu arudi na taa zake mpaka atakapokuwa na jibu.